Alama za Njiani katika Nchi ya Kibiti na Delta ya Rufiji

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama katika mkutano wa jioni, yakapigwa chapa kwa ombi la Kamati)



Kamati ilipotutaka tuseme habari za alama za njiani tulicheka kidogo, kwa kuwa alama ya njiani ijulikanayo zaidi katika barabara yetu ya Kilwa ni ile herufi X ya rangi nyekundu, ipakwayo ukutani na watu wa barabara. Hapana mtu wa Bungu wala wa Kibiti asiyeijua maana yake. Maana yake ni kwamba nyumba yako imeingia katika hifadhi ya barabara, nayo itavunjwa. Basi tulipotoka mwaka huu kuzunguka na daftari na kopo la rangi, tukitafuta mahali panapofaa kusimamishwa vibao vya historia, mama mmoja aliliona lile kopo tu, akawaita wanawe wote waje wasimame mbele ya ukuta. Ilitupasa kuliweka kopo chini, tukanywa uji kwake, ndipo tukaweza kueleza neno lililotuleta. Twalitaja jambo hili mwanzoni ili msidhani kwamba kazi hii ni ya kupiga nguzo ardhini na kurudi nyumbani.

Na pana kosa letu wenyewe, ambalo yatupasa kulikiri mbele yenu kabla hatujawafundisha wengine. Mwaka 1968 mto Rufiji ulifurika sana, na Serikali ikaanza kazi iliyoitwa Operesheni Rufiji: watu waliokuwa wakikaa bondeni, kila mtu karibu na shamba lake, wakatolewa, wakapewa makao mapya katika nchi ya juu. Vijiji vikubwa vingi tuvionavyo leo vilijaa watu kwa sababu hiyo. Makaburi ya wazee yakabaki bonde, na miembe ikabaki bonde. Hata mashamba ya mlau, yaani yale yanayolimwa maji yakiisha kupwa na kuacha tope jipya, yakabaki huko huko, na watu wakawa wakiyaendea kwa miguu kila msimu.

Ikaja mwaka 2022 kazi ya anwani za makazi, nchi nzima, kabla ya kuhesabiwa watu mwezi wa Agosti. Kila njia ipewe jina, kila nyumba namba, na nguzo isimamishwe penye njia panda. Nyote mwajua haraka iliyokuwapo. Sisi tulipangiwa kitongoji kimoja ambacho hatutakitaja. Tulifika jua la saa saba, tukamwuliza kijana aliyekuwa akitengeneza baiskeli, "Njia hii yaitwaje?" Akasema haina jina. Tukaandika: Mtaa wa Amani. Nadhani siku ile Amani ilizaliwa mara tatu au nne katika daftari letu.

Baada ya mwezi mmoja akaja ofisini mzee na fimbo yake, akaketi katika benchi tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Tulipomwita akasema hana shauri la kudai, ataka tu kumwona mtu aliyeipa jina njia ya kwao. Akasema njia ile ina jina tangu siku walipopanda kutoka bondeni, baba yake akichukua mlango wa nyumba kichwani, mama yake na kuku wawili na mkeka. Wakaiita Njia ya Mafuriko. Wenzake waliopanda siku ile, wengi wamekwisha kufa. Akatuuliza, kwa adabu sana, "Wanangu, amani hiyo ililetwa na nani, na alipita lini hapa?"

Tulitaka kulibadili. Tukaambiwa jina limekwisha kuingia katika mashine, na nguzo imekwisha kutiwa saruji. Mzee akashukuru, akaenda zake. Hatujapata kusahau jinsi alivyoshukuru.

Kwa sababu hiyo, Kamati ilipotoa shauri la kwamba tawi letu, kwa ruhusa ya wakubwa na ya idara ya mambo ya kale, lijaribu kusimamisha vibao vichache katika barabara kuu na katika njia ya kwenda Delta, tulikubali kufanya uchunguzi. Tuseme sasa tuliyoyapata.

Karibu kila mgeni atuulizaye habari za Rufiji huuliza habari za manowari ya Wadachi, Königsberg, nasi wenyewe tuliosoma shule tulifunzwa kidogo tu. Habari yenyewe ni hii. Manowari ile ilifika Dar es Salaam katika mwezi wa Juni 1914. Vita vilipoanza ikatoka baharini, na tarehe 20 Septemba 1914 ikaingia bandari ya Unguja alfajiri, ikaipiga manowari ya Kiingereza, Pegasus, ikazama. Waliokufa walikuwa zaidi ya 30, na makaburi yao yako mpaka leo katika kisiwa cha Chapwani. Kisha Königsberg ikaja kujificha katika milango ya Rufiji, ambako mikoko yafunika kila kitu na mtu asiye mwenyeji hawezi kujua maji ya mto na maji ya bahari hukutana wapi. Waingereza wakaizingira. Manowari zao kubwa hazikuweza kuingia kwa sababu ya uchache wa maji, nayo ya Wadachi haikuweza kutoka. Mwezi wa Novemba 1914 walizamisha meli moja ya makaa, Newbridge, wapate kuziba njia, lakini Delta ina milango mingi. Januari 1915 wakakitwaa kisiwa cha Mafia, wakapata mahali pa kuweka ndege zao. Mwisho walileta vyombo viwili vya maji mafupi, Severn na Mersey, ambavyo kwanza vilikuwa vikiundwa kwa ajili ya nchi ya Brazil, kwa mito ya kwao. Vyombo hivyo viliingia mtoni tarehe 6 Julai 1915, vikarudi tena tarehe 11, huku ndege juu zikiwaonyesha mahali risasi zao zilipoanguka. Siku hiyo ya pili mkubwa wa manowari, Looff, aliamuru watu wake waizamishe wenyewe.

Hapa vitabu vingi huishia, na hapa ndipo sisi tulipotaka kuanza. Manowari ile ilikuwa na mizinga 10. Yote ilitolewa katika maji, ikatengenezwa, ikaenda kupigana nchi kavu pamoja na jeshi la Lettow-Vorbeck kwa muda mrefu. Tena kabla ya hayo, mitambo yake ya mvuke iliharibika, ikapelekwa Dar es Salaam kwa nchi kavu kufanyizwa, ikarudishwa. Twawauliza: ni nani walioivuta? Hapakuwa na reli kutoka Rufiji kwenda Dar es Salaam, wala hapakuwa na motokaa. Kulikuwa na kamba na magogo, na mabega ya watu kwa maelfu, katika mchanga huu huu wa kwetu ambamo baiskeli hushindwa. Leo mzinga mmoja umewekwa Pretoria, mbele ya jumba la Serikali. Mwingine uko Mombasa, katika Ngome ya Yesu. Nayo yapigwa picha na wageni. Mabaki ya manowari yenyewe mengine yalikatwa na kuuzwa kuwa chuma katika miaka ya 1960, mengine yakamezwa na tope. Lakini katika njia ile iliyopitwa na wale wavutaji hakuna hata jiwe moja.

Mwanachama mmoja alitujibu kwamba wapagazi wamekwisha kukumbukwa, kwa kuwa sanamu ya Askari pale Dar es Salaam, iliyofunuliwa mwaka 1927, inawataja katika maandishi yake, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, tena Kiswahili kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Ni kweli, na ni jambo jema. Twaongeza kwamba hata jina la Kariakoo lilitoka katika jeshi la wapagazi wa Waingereza. Walakini aliye juu ya nguzo ile ameshika bunduki na singe. Mpagazi yuko chini, katika maneno. Na huku kwetu, kule Beho Beho, bwana Selous, mwindaji mashuhuri, aliyeuawa vitani tarehe 4 Januari 1917, ana kaburi la jiwe, na pori kubwa likaitwa kwa jina lake mpaka mwaka 2019, sehemu yake kubwa ilipofanywa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Hatumwonei mtu kijicho kwa kaburi lake. Lakini katika masika yale ya mwaka 1917, mvua iliponyesha kupita kiasi na chakula kikakosekana katika bonde lote la Rufiji, wapagazi walikufa kwa njaa na kwa maradhi hata hapana aliyewahesabu sawasawa. Kwa hao twaomba kibao kimoja, na maneno yake yawe mafupi. Twapenda kisimame Nyamisati, mahali ambapo watu hupanda mashua kwenda visiwani, ili asomaye awe mtu aketiye akingoja maji kujaa, naye ana nafasi ya kusoma.

Ng'ambo ya mto hatutasema sana, maana ni nchi ya wenzetu wa tawi la Rufiji, nao wana kamati yao. Ila haiwezekani kunyamaza kabisa. Tarehe 4 Agosti 1905, Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wadachi pale Mohoro, palipokuwa na boma lao, siku chache tu baada ya watu wa Umatumbi kung'oa pamba, vita vya Majimaji vikaanza. Watu wengi wamjua kwa mchezo wa Ebrahim Hussein uliopigwa chapa mwaka 1969, wakadhani ni mtu wa hadithi. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuandika maneno ya wazee walioviona vita vile kwa macho. Kazi ile ilifanywa wakati wake, maana baada ya miaka kumi zaidi wangalikuta makaburi. Songea wana makumbusho yao na wanaikumbuka kila mwaka siku ya mwezi wa Februari walipouawa wakubwa wao. Msafiri apitaye daraja kwenda Kilwa, akiwa amelala katika basi, aipita nchi ambayo maji yale yalitoka, asijue.

Na daraja lenyewe! Makarani vijana hawakumbuki Ndundu. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, mtu wa kwenda kusini alivuka kwa pantoni, na mto ukifurika alikaa. Tuliwaona wachukuzi wa magari waliolala kando ya mto siku nyingi, wakanunua sufuria, wakapika, na wengine, yasemwa, wakaoa. Daraja lina urefu wa mita 970 hivi, nasi tunalivuka kwa dakika moja. Twaomba wenzetu wa ng'ambo wakubali kibao cha pamoja pale Ndundu, chenye habari ya pantoni. Waliofanya kazi humo wangali hai baadhi yao, na wanaweza kuulizwa.

Sasa neno la maji. Mwezi wa Aprili 2024 mafuriko yaliingia tena katika Rufiji na Kibiti, mashamba yakazama, watu wakahama. Mapema Mei ikafuata tufani iliyoitwa Hidaya, na barabara ya Lindi ikakatika pande za Somanga, mabasi yakakwama. Maji yalipopungua tulikwenda bondeni kuandika hasara, maana hiyo ndiyo kazi ya karani. Katika nyumba moja tuliona mstari ukutani, maji yalipokoma, na juu yake kidogo mkaa wa mtoto aliyeandika: HAPA. Nadhani hiyo ndiyo alama njema kuliko zote tulizoziona katika safari yetu. Haikugharimu kitu, na mtu ye yote ajuaye kusoma herufi nne aielewa. Kwa hiyo twatoa shauri kwamba, katika shule na zahanati zilizo karibu na bonde, tupige mstari wa rangi ukutani pale maji yalipofika mwaka 2024, na mwaka uandikwe. Pale wazee wanapoweza kutuonyesha bila kubishana maji ya mwaka 1968 yalipofika, tuandike na hayo. Yaweza kuwa bwawa kubwa la Julius Nyerere lililojengwa juu ya mto litaupunguza ukali wa maji. Na yaweza kuwa watu wakizoea utulivu watashuka tena kujenga bondeni. Mjukuu wa yule mzee wa fimbo atataka kujua ajenge wapi. Mstari ule utamwambia.

Bwana Mwenyekiti, hapa twafika penye neno zito, nasi tulishauriana sana kama tuliseme au tuliache.

Tangu mwaka 2015 mpaka 2017 nchi yetu ya Kibiti, pamoja na Rufiji na Mkuranga, iliingia katika hofu. Waliuawa wenyeviti wa vijiji na watendaji wa vijiji, mmoja mmoja, usiku, milangoni kwao. Tarehe 13 Aprili 2017 waliuawa askari polisi 8 kwa mara moja, karibu na Jaribu, wakiwa garini. Watu walilala porini. Watendaji wengine waliomba uhamisho, wengine walifunga ofisi zao wakaficha mihuri. Hatukuja kueleza nani alifanya nini na kwa sababu gani. Si kazi ya kikao hiki. Twasema tu kwamba wale watendaji walikuwa wenzetu. Walikuwa wakishika daftari kama tulishikavyo, wakatia sahihi karatasi zilizotoka katika meza zetu. Na hata leo mtu wa kwetu akienda mbali, akaulizwa kwao, akasema Kibiti, yule aulizaye hunyamaza kidogo kabla ya kuendelea.

Mwanachama mmoja alishauri katika Kamati kwamba majina yao yaandikwe katika kibao, barabarani, yasomwe na wote. Mwingine akapinga kwa nguvu. Alisema jeraha ni bichi, na kijiji kina jamaa wa kila upande, na kibao chaweza kuvunjwa usiku, na kuvunjwa kwake kutakuwa msiba wa pili kwa wajane. Wote wawili walikuwa wamepoteza mtu. Tulikaa kimya muda mrefu katika chumba kile, hata mlinzi akaja kuuliza kama tumekwisha kuondoka.

Sisi tuliopewa kazi ya uchunguzi tulikwenda kuwauliza wajane wawili, kwa njia ya wazee wao, kwa adabu ipasayo. Hatutawataja. Mmoja alisema hataki jina la mumewe lisimame kando ya njia, litiwe vumbi na mabasi. Wa pili alisema alitaka, na kwamba amengoja mtu wa ofisi aje kumwuliza neno lo lote tangu siku ya mazishi, na hakuja mtu. Alipokwisha kusema akaingia ndani, akatoa daftari la mumewe la kodi na michango ya kijiji, amelifunga katika kanga. Akauliza kama hesabu zile zilipata kukubaliwa. Tulizipitia palepale uani, ukurasa kwa ukurasa. Zilikuwa sawa mpaka siku ya mwisho, nasi tukamwambia hivyo.

Shauri letu, ambalo Kamati yaweza kulikataa, ni kwamba kibao cha barabarani kisiandikwe sasa. Kiwekwe kitabu katika ofisi ya tawi, na kila jamaa atakaye jina la mtu wake liandikwe, liandikwe pamoja na cheo chake na kijiji alichotumikia, na asiyetaka asisumbuliwe. Itakapofika siku ambayo wote wawili, yule aliyeshauri na yule aliyepinga, watasema imefika, basi majina yatakuwapo, tena yameandikwa sawasawa, wala hatutamwuliza kijana wa baiskeli.

Yamebaki ya kazi tu. Vibao visiwe vya bati wala vya chuma, maana vitauzwa kwa kilo kabla ya Ramadhani. Viwe vya saruji, maandishi yachimbwe. Viwekwe nje ya hifadhi ya barabara, ambayo kwa Sheria ya mwaka 2007 ni mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara kuu. Ikiwa sivyo vitapata X kama nyumba za watu. Maneno yasipite 40 katika kibao kimoja. Yawe ya Kiswahili, na majina ya mahali yaandikwe kama wenyeji wayasemavyo. Penye jina la Kindengereko lisigeuzwe kwa sababu karani wa kutoka bara ameshindwa kulitamka. Kila kibao kisomwe kwanza kwa sauti mbele ya wazee wa mahali, watatu au zaidi, kabla saruji haijamwagwa. Gharama tumezikadiria, nazo ziko katika karatasi mtakayopewa mlangoni. Hesabu ya mchanga ni kubwa kwa sababu ya usafiri wa mashua, msishangae.

Na habari ya Mtaa wa Amani: tumeandika barua ya tatu. Wakati tunapongoja jibu, fundi mmoja mwanachama wetu amejitolea saruji mfuko mmoja, na yule mzee amekubali kutuonyesha mahali mlango wa baba yake ulipotuliwa chini mara ya kwanza. Tutakwenda Jumamosi ya pili, asubuhi, kabla ya jua kali. Atakaye kufuatana nasi aandike jina lake kwa Katibu leo, alete na maji yake ya kunywa.